Bibi aliyetengwa, mjukuu aliyeandika

Katika nyumba nyingi za Waamish wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mtu aliyetengwa na kanisa hanyimwi chakula. Huwekewa meza yake. Mara nyingine meza hiyo husogezwa karibu kabisa na ya familia, ikaachwa nafasi ya vidole vichache katikati, kisha kitambaa kimoja kikatandikwa juu ya zote mbili. Mgeni akiingia ataona meza moja ndefu na ukoo unaokula pamoja. Wenyeji wanajua mpaka uko wapi. Binti aliyetengwa akitaka kumpa mama yake bakuli la viazi, hulitua mezani kwanza, mama akalichukua hapo, kwa sababu kupokea kitu kutoka mkononi mwa aliyetengwa ni mwiko.

Uchungu wa namna hiyo ndio uliozaa The Shunning, riwaya ya Beverly Lewis iliyotolewa na Bethany House mwaka 1997. Lewis si Mwamish. Alizaliwa mwaka 1949 huko huko Lancaster, baba yake akiwa mchungaji wa kanisa jingine, na alikua akiona vigari vya farasi vikipita barabarani kama watoto wetu wanavyoona bodaboda. Lakini bibi yake mzaa mama, Ada Buchwalter, alilelewa miongoni mwa Wamennonite wa Kale, ambao ni ndugu wa karibu wa Waamish kwa imani, kwa mavazi na kwa namna ya kuishi. Ada alimpenda kijana aliyekuwa akisoma chuo cha Biblia, mtu wa nje ya kundi lao, akaolewa naye. Baba yake mzazi akamtenga.

Katika mahojiano, Lewis amekuwa akimtaja bibi huyo kila anapoulizwa riwaya zake zilitoka wapi. Nadhani hapo ndipo palipo siri ya nguvu ya kitabu chake cha kwanza cha watu wazima. Kabla yake alikuwa mwalimu, mpiga piano, na mwandishi wa hadithi za watoto na vijana. Alikuwa na kipaji, lakini wenye kipaji ni wengi. Alichokuwa nacho zaidi ni kisa cha nyumbani kwao ambacho hakikumalizika: binti aliyempenda Mungu na akampenda mume, na baba aliyeona kwamba viwili hivyo, kwa namna ile, haviwezi kukaa pamoja.

Msomaji asiyejua Waamish anaweza kudhani kutengwa ni ukali tu wa wazee wachache. Kihistoria, Waamish walizaliwa kutokana na suala hilo hasa. Mwaka 1693, Jakob Ammann aligombana na wazee wenzake wa Uswisi na Alsace, watu wa imani moja waliokuwa wamepitia mateso na kuuawa kwa sababu walikataa kubatiza watoto wachanga. Moja ya hoja kubwa za ugomvi ilikuwa hii: aliyeondolewa kanisani, je, tuendelee kula naye? Ammann alisema hapana. Waliomfuata wakaitwa kwa jina lake, na katika karne iliyofuata wakavuka bahari hadi Pennsylvania, ambako William Penn alikuwa ameahidi uhuru wa dini. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa watu 5,000 hivi. Mwaka 2024 walikadiriwa kufika 400,000, wakiwa bado na lahaja yao ya Kijerumani, farasi wao, na nyumba zisizounganishwa na umeme wa gridi.

Na wenyewe wana hoja yao, ambayo mwandishi mwaminifu hana budi kuisikia. Mtoto wa Kiamish habatizwi mpaka akue. Kijana akiamua kwenda zake kabla ya ubatizo, hatengwi. Anayetengwa ni yule aliyepiga magoti mbele ya kusanyiko, akaweka nadhiri, kisha akaivunja na kukataa kutubu. Siku atakayorudi na kupiga magoti tena, anapokelewa na kosa halitajwi tena. Kwa mtazamo wao, kumtenga ni kumwita arudi. Wakristo wetu wa Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa sana hapa. Katika makanisa yetu mengi kuna waliotengwa wakakaa miaka kwenye benchi la nyuma bila kushiriki meza ya Bwana, kisha wakarudishwa kundini kwa shangwe. Kuna pia ambao hawakurudi.

Sasa tazama alichofanya Lewis na kisa cha bibi yake. Hakukiandika kama kilivyokuwa. Alimuumba Katie Lapp, msichana wa Kiamish wa Hickory Hollow anayekaribia kuolewa na askofu mjane mwenye watoto. Siku zikiwa zimekaribia, Katie anapanda darini na kukuta, ndani ya sanduku la mama yake, kigauni cha satini cha mtoto mchanga. Kwa mtu wa nje, kigauni ni kigauni. Lakini katika nyumba ambamo wanawake huvaa nguo za rangi moja zisizo na mapambo, wakizifunga kwa pini ili wasionyeshe majivuno hata ya vifungo, satini haina kazi yoyote. Haikushonwa humo, haikununuliwa humo, na hakuna mtoto wa humo ambaye angeivishwa. Katie anashika kitambaa laini kile na maisha yake yote yanaanza kufumuka: hakuzaliwa na watu anaowaita wazazi. Sijui waandishi wengi wanaoweza kutikisa ukoo mzima kwa kipande cha nguo kisichojaa viganja viwili.

Katie ana kosa jingine, na hapa namwona Lewis mwenyewe. Msichana huyu anapenda muziki kupita kiasi. Ana gitaa alilolificha, wakati ala za muziki hazikubaliki kwa Waamish wa Kale, na kichwani mwake zinamjia nyimbo zisizo za ibada. Lewis ni mpiga piano tangu utotoni. Kutoka kwa bibi alichukua jeraha, na kutoka kwake mwenyewe akachukua kile ambacho yeye asingeweza kukiacha kama angezaliwa upande ule. Ndiyo maana Katie haonekani kuwa sanamu iliyovishwa kitambaa cha kichwani. Anapokataa kutubu tunaelewa anakataa kupoteza nini. Na mama yake mlezi, Rebecca, anapozidiwa na majonzi, tunaelewa pia kwamba aliyetenga naye anaumia. Mwandishi mwenye hasira tupu asingempa Rebecca nafasi hiyo.

Kitabu kiliuza zaidi ya nakala milioni moja, na mwaka 2011 kikafanywa filamu ya televisheni. Lewis hakuwa wa kwanza kuandika juu ya watu hawa, na historia ya waliomtangulia inastahili kusimuliwa, maana ndani yake yumo mtu ninayempenda zaidi.

Mwaka 1904 na 1905, Helen Reimensnyder Martin, mzaliwa wa Lancaster, alitoa riwaya mbili, moja juu ya binti wa Kimennonite na nyingine juu ya Waamish. Aliwachora wakulima hao kama watu wabahili, wagumu wa akili na wakatili kwa wanawake wao. Vitabu vikasomwa sana mijini. Waliochorwa hawakujibu, kwa kuwa kugombana hadharani si desturi yao. Aliyejibu alikuwa Joseph W. Yoder, mwalimu wa muziki aliyelelewa na Waamish, na alijibu baada ya miaka 35 hivi. Mwaka 1940 alichapisha kwa gharama yake mwenyewe Rosanna of the Amish, kisa cha mama yake mzazi. Rosanna alizaliwa katika familia ya Wakatoliki wa Ireland. Mama yake alifariki akiwa kichanga, na mwanamke wa Kiamish ambaye hakuwa ameolewa akamchukua na kumlea kama wake. Akakua Mwamish, akaolewa Kiamish, akazaa.

Angalia jinsi visa viwili vinavyopishana. Rosanna na Katie wote ni watoto wa nje waliolelewa ndani. Mmoja alibaki kwa furaha, mwingine akaondoka kwa machozi. Yoder aliandika kulinda heshima ya mama, Lewis akaandika kupoza maumivu ya bibi. Wote wawili walikuwa watu wa muziki, na wote walisimama mlangoni: karibu kiasi cha kusikia yanayosemwa jikoni, mbali kiasi cha kuweza kuyaandika. Walio ndani kabisa ni vigumu kushika kalamu ya riwaya. Mtoto wa Kiamish huacha shule baada ya darasa la nane, haki ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1972, na kujitangaza jina kwenye jalada hakuendi vizuri na unyenyekevu wanaofundishana tangu utotoni.

Yupo hata hivyo Linda Byler wa Pennsylvania, Mwamish ambaye hajatoka kanisani mwake, anayeandika riwaya zake kwa mkono kwenye madaftari. Kwake, kutandika farasi au kuosha vyombo kwa watu kumi ni shughuli za siku, na huzipita bila kuzishangaa. Nashauri anayetaka kujua maisha yenyewe aanze naye.

Baada ya Lewis ikaja gharika. Mwaka 2012 pekee zilichapishwa riwaya za mapenzi ya Kiamish zaidi ya 80, kwa hesabu ya mtafiti Valerie Weaver-Zercher, ambaye ni Mmennonite. Wengi wa waandishi hao hawakuwa na bibi wala jirani wa Kiamish. Wengine walivutwa na habari za Oktoba 2, 2006, pale mtu mwenye bunduki alipoingia katika shule ndogo ya Kiamish ya Nickel Mines, Lancaster, akapiga risasi wasichana 10, watano wakafa. Siku hiyo hiyo Waamish walikwenda kumfariji mjane wa muuaji, na baadaye wakahudhuria maziko ya muuaji huyo. Dunia ilipigwa na butwaa, na ni haki kwamba watu walitaka kuelewa. Ila kutoka kwenye kustaajabu hadi kuandika riwaya ya mapenzi kila miezi sita ni safari nisiyoikubali. Nimesoma kadhaa kati ya hizo: askofu mkali, msichana mzuri, shamba la mahindi, kijana wa mjini. Majina yakibadilishwa, kisa ni kile kile. Hakuna aliyeumia kabla ya kitabu kuandikwa, na inaonekana.

Wasomaji wa mkoa wa Mara, Tanzania, wanaweza kushangaa jinsi Lancaster ilivyo karibu nao. Wamisionari wa kwanza wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934, kando ya Ziwa Viktoria, walitumwa kutoka huko. Elam na Elizabeth Stauffer walikuja na mavazi ya kawaida yasiyo na mapambo, wanawake wakivaa vitambaa vyeupe vya kichwani, na wakapanda kanisa ambalo leo ni Kanisa la Mennonite Tanzania. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Ina maana kwamba wakati bibi wa Lewis anabeba yake moyoni Pennsylvania, nidhamu ya kanisa ya ukoo ule ule wa imani ilikuwa ikifundishwa Shirati, Mugango na Bukiroba, kwa watu waliokuwa na ndoa za mitala, mahari, matambiko na wazee wao wa ukoo.

Waliotakiwa kuchagua hapo walikuwa wanawake na wanaume wa Mara. Binti wa wakati huo aliyekataa mume aliyechaguliwa na ukoo kwa sababu ya imani, au mke wa pili aliyeambiwa hawezi kubatizwa, leo ni bibi kizee, au ameshalala na wajukuu wake wapo Musoma, Tarime, Migori na Dar es Salaam. Riwaya yake ya Kiswahili sijaiona dukani. Wewe mjukuu unayesoma makala hii, kama bibi bado yupo, nenda kaketi naye, umuulize aliolewaje na nani hakuja harusini. Kisha andika.