Mkanda unapolia: maneno ya kutafuta chanzo cha mlio katika injini yenye supachaja

Tafsiri ikisema kwamba injini "inatoa kelele", fundi hana la kufanya ila kuuliza upya. Kelele ni sauti yoyote inayoudhi, ya watoto, ya soko au ya bati linalogongwa. Nomino hiyo haisemi kama sauti ni nyembamba au nene, ya mfululizo au ya kukatikakatika. Katika mazungumzo ya kawaida upungufu huo haudhuru. Katika injini yenye supachaja unaweza kumfanya mtu anunue kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Supachaja ni pampu inayosukumia hewa ndani ya injini ili petroli nyingi zaidi iweze kuungua. Tabo hufanya kazi hiyo hiyo, lakini huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Supachaja kwa kawaida huzungushwa na mkanda utokao kwenye puli ya kranki. Mfano mzuri ni Mini Cooper S ya miaka ya 2002 hadi 2006, ambayo wapenzi wake huiita R53, yenye supachaja aina ya Eaton M45. Humo mkanda mmoja huzungusha supachaja, alteneta na kompresa ya kiyoyozi, na pampu ya maji nayo huendeshwa na supachaja yenyewe. Mkanda huo ukikatika, betri haichajiwi, maji hayazunguki na injini huchemka. Kwa hiyo mlio mdogo wa asubuhi si jambo la kupuuzwa, na anayeueleza kwa maandishi ana wajibu wa kuueleza sawasawa.

Neno la msingi ni "mlio", kutokana na kitenzi "lia". Kitenzi hicho kimezaa pia "kilio", lakini kilio ni cha binadamu mwenye huzuni, ilhali mlio ni wa ndege, wa kengele na wa mashine. Kosa linalojirudia mno katika tafsiri za kiufundi ni "mlio wa juu". Kwa msomaji wa Kiswahili, sauti ya juu ni sauti yenye nguvu, inayosikika mbali. Sauti ya panya au ya bawaba kavu si ya juu, ni nyembamba. Fundi aliyeambiwa "mlio wa juu" atasubiri kishindo, na mlio mwembamba unaokusudiwa utampita.

Baada ya wembamba huja urefu, na hapa ndipo utambuzi wenyewe ulipo. Mkanda unaolia kwa kukatikakatika, kama kifaranga, mara nyingi unapita kwenye puli ambazo hazikukaa katika mstari mmoja. Mkanda unaotoa mlio mrefu na mkali, hasa injini inapoongezewa mafuta ghafla, kwa kawaida unateleza kwa sababu umelegea au kifaa cha kuukaza kimechoka. Mafundi hupima kwa kunyunyiza maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, injini ikiwa inanguruma polepole. Mlio ukififia kisha ukarudi, puli hazikulingana; ukizidi, mkanda unateleza. Usipobadilika hata kidogo, shaka huhamia kwenye beringi. Mfasiri aliyeziita sauti hizo zote mbili "mlio mkali" amefuta tofauti ambayo kipimo kizima kinaitegemea.

Sauti nyingine zina vitenzi vyake, navyo havina haja ya kubuniwa. Beringi iliyokufa "inasaga". Kiungio kilicholegea "kinagonga". Hewa inayovuja kwenye bomba "inapiga mluzi". Supachaja nzima "inavuma" kwa mvumo mwembamba unaopanda kadiri mwendo wa injini unavyopanda, na mvumo huo si ugonjwa. Wapo wanaonunua gari kwa ajili yake. (Nomino "uvumi", iliyotokana na kitenzi hicho hicho, haifai hapa, kwani imekwisha kutekwa na habari zisizo na hakika.)

Sarufi nayo hufanya sehemu ya kazi ya fundi. "Linalia" ni gari, maelezo mapana mno. "Inalia" ni injini, puli, beringi au supachaja. "Unalia" ni mkanda. Kiambishi kimoja hupunguza washukiwa. Kinyume chake, "hulia asubuhi" ni sentensi isiyotaja mtenda, kwa kuwa "hu-" ya mazoea haichukui kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Inafaa kueleza wakati, ila lazima nomino itajwe: "Mkanda hulia asubuhi, injini ikiwa baridi." Kauli ya kusababisha pia ina mtego wake. "Beringi inauliza mkanda" ni sahihi kisarufi kwa maana ya kuufanya ulie, lakini hakuna atakayeisoma hivyo. Atashangaa beringi imeuliza nini. Heri "inaufanya mkanda ulie".

Tatizo kubwa zaidi ni "kompresa". Katika gereji za Afrika Mashariki neno hilo kwanza ni la kiyoyozi, kisha ni la mashine ya kujazia upepo matairi. Lakini nyuma ya magari mengi ya Mercedes-Benz pameandikwa "Kompressor", ambalo kwa Kijerumani ndilo jina la supachaja. Katika gari kama R53, vifaa vyote viwili vimo kwenye mkanda mmoja, na vyote vina puli na beringi zinazoweza kulia. Anayeandika "kompresa inalia" bila kuongeza neno amewaachia wasomaji wachague kifaa, na vifaa hivyo havikaribiani kwa bei wala kwa kazi ya kuvifungua. Inafaa kuandika "kompresa ya kiyoyozi" kila mara, na kuiachia supachaja jina lake.

Mpangilio wa maelekezo nao una uzito. "Zungusha kila puli kwa mkono baada ya kuzima injini na kuondoa mkanda" haina kosa la kisarufi, lakini msomaji aliyeinama juu ya injini hukutana na tendo kabla ya sharti lake, na vidole vyake vimo hatarini. Utaratibu ufuate utendaji: "Zima injini. Ondoa mkanda. Kisha zungusha kila puli kwa mkono, ukisikiliza ipi inasaga na ipi inayumba."

Maelezo ya mteja yanayomfaa fundi yanaweza kuwa mafupi hivi: "Mkanda wa supachaja unalia kwa kukatikakatika, kwa sauti nyembamba, injini ikiwa baridi, hunyamaza kwa muda ukinyunyiziwa maji. Kiyoyozi kikiwashwa, mlio haubadiliki."