Lori Ni Elfu 35. Kuhama Je, Ni Pesa Ngapi?

Mwaka jana dada yangu alihama kutoka Umoja, Nairobi, kwenda Bamburi, Mombasa. Kazi mpya, watoto wawili, nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Alipiga simu kwa wenye magari watatu, akachagua aliyemwambia shilingi 35,000. Siku ya kupakia akatuma pesa zote mara moja, kwa sababu aliona ni heri amalizane na hilo jambo mapema.

Kesho yake asubuhi gari lilifika Bamburi. Kabla ya kufungua turubai, dereva akasema kuna 9,000 zaidi. Sababu zake zilikuwa tatu: mzigo ulikuwa mwingi kuliko alivyoambiwa, nyumba ya Umoja ilikuwa ghorofa ya tatu, na kushusha hakukuwa ndani ya bei. Dada alinipigia nikiwa kwenye matatu naenda kazini. Watoto walikuwa wameketi juu ya begi nje ya nyumba mpya, na yeye alikuwa amebakiwa na pesa ya chakula tu. Nikamtumia, akalipa, vitu vikashushwa.

Tangu siku hiyo nimefikiria sana kama yule dereva alikuwa mwizi. Naona hapana. Hakuna mtu aliyemwambia kuhusu ghorofa ya tatu, na hakuna aliyemuuliza nani atashusha. Shida ilikuwa kwamba dada alidhani bei ya gari ndiyo gharama ya kuhama, na alipolipa zote hakubaki na chochote cha kumfanya dereva akae mezani wazungumze.

Kama unapanga kuhama kutoka kaunti moja hadi nyingine, wacha tuangalie pesa huenda wapi, na jinsi ya kuzilipa kwa simu bila kujuta.

Kwa nini bei za magari hutofautiana sana

Ukipigia watu watatu unaweza kupata bei tatu ambazo hazikaribiani hata kidogo. Mara nyingi hakuna anayekudanganya. Kila mmoja anahesabu vitu tofauti.

Kwanza ni safari ya kurudi. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Dereva akikupeleka halafu arudi na gari tupu, amechoma mafuta ya kilomita karibu 960, na hizo zote ziko ndani ya bei yako. Lakini kama gari ni la Mombasa na lilikuja Nairobi na mzigo wa mtu mwingine, wewe ndiye unayemwokoa asirudi bure. Huyo anaweza kukupa bei ya chini na bado apate faida. Magari mengi hupanda kutoka bandarini yakiwa yamejaa na hushuka pwani bila mzigo wa kutosha, kwa hivyo anayehama kuelekea Mombasa ana nafasi nzuri ya kupata gari linalorudi. Swali la kuuliza ni rahisi: "Gari lako ni la wapi, na linarudi lini?" Ubaya wake ni kwamba utafuata ratiba ya gari. Likichelewa siku moja, na wewe umechelewa.

Pili ni mafuta. EPRA hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na zinaanza kutumika tarehe 15. Ukipewa bei tarehe 5 na uhame tarehe 20, muulize mwenye gari kama bei hiyo itasimama hata dizeli ikipanda.

Tatu ni siku unayohama. Kila mtu anataka kuhama mwisho wa mwezi ili asilipe kodi mara mbili. Magari huwa machache siku hizo, na bei hupanda. Katikati ya mwezi una nguvu zaidi ya kujadiliana. Lakini fanya hesabu: ukihama tarehe 15 na nyumba ya zamani umeilipia hadi tarehe 30, nusu ya kodi hiyo ni sehemu ya gharama ya kuhama.

Nne ni mikono na ngazi. Kupakia kutoka ghorofa ya nne bila lifti si kazi sawa na kupakia nyumba ya chini ambayo gari linafika mlangoni. Wengine huweka vijana wa kubeba ndani ya bei, wengine hawaweki.

Hesabu kamili

Hii hapa ni hesabu ya mfano kwa nyumba ya chumba kimoja cha kulala, kama ile ya dada. Nambari zako zitakuwa tofauti, lakini mistari ni hii hii. Iandike kwenye simu yako, kisha ubadilishe nambari.

- Kenta, Nairobi hadi Mombasa: 35,000
- Vijana wa kupakia na wa kushusha: 6,000
- Maboksi, magunia, gundi na plastiki ya kufunika magodoro: 2,500
- Kodi ya mwezi wa kwanza, nyumba mpya: 15,000
- Dipoziti ya nyumba mpya: 15,000
- Dipoziti ya maji na stima: 3,000
- Nauli ya basi, watu watatu: 4,500
- Chakula cha njiani na cha siku ya kwanza: 2,000
- Fundi, kufuli mpya na vyuma vya pazia: 3,000
- Ada za kutuma na kutoa pesa: 500

Jumla ni 86,500. Ongeza asilimia 10 ya dharura, yaani 8,650, na unafika 95,150.

Angalia vizuri. Gari ni 35,000 kati ya 95,150, chini ya asilimia 40. Mtu aliyeweka akiba ya "pesa ya lori" peke yake ana upungufu wa zaidi ya shilingi 60,000, na atajua hivyo akiwa barabarani, mahali ambapo mikopo ya haraka ndiyo huchukuliwa bila kufikiria.

Dipoziti ya nyumba ya zamani sijaiweka kwenye hesabu, na nimefanya hivyo makusudi. Wenye nyumba wengi hurudisha baada ya wewe kutoka, tena baada ya kukata pesa ya rangi na marekebisho. Ikija, itakusaidia huko mbele. Usiitumie kabla hujaiona kwenye simu.

Kabla ya kupakia, punguza

Kila kitu unachobeba kinalipiwa nafasi. Muulize mwenye gari bei mbili: pamoja na kile kitanda kikubwa na makochi, na bila hivyo. Kama tofauti inakaribia bei ya kununua kingine ukifika, uza. Wakati mwingine ukiuza vitu viwili vikubwa, mzigo uliobaki unatosha kuchangia gari na mtu mwingine, au maboksi yanaenda kwa basi kama kifurushi.

Fikiria pia unakokwenda. Blanketi nzito za Limuru hazina kazi Mombasa. Huko utatafuta feni. Mtungi wa gesi usisafirishe ukiwa umejaa. Tumia gesi imalizike, au muuzie jirani.

Na wiki ya mwisho usinunue tokeni nyingi za stima. Ukishaziingiza kwenye mita haziwezi kuhama na wewe. Aliyepanga baada yako ndiye atakayefurahi.

Andika makubaliano, hata kama ni kwa WhatsApp

Piga video ya kila chumba umtumie mwenye gari, ili asije akasema mzigo ulikuwa mwingi kuliko alivyoambiwa. Kisha uliza: Nani anapakia na nani anashusha? Nani analipa ada za kaunti na gharama nyingine za njiani? Kama unaenda pwani ya kusini, gari litapita kivuko cha Likoni au Dongo Kundu, na kivuko kitalipwa na nani? Mzigo unaenda peke yake au umechanganywa? Kitu kikivunjika itakuwaje? Hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu bima ya kawaida ya gari hailipii vitu vyako vilivyo ndani yake. Mzigo unahitaji bima yake.

Mkishaelewana, tuma ujumbe mmoja kama huu:

"Tumekubaliana KSh 35,000 kutoka Umoja ghorofa ya 3 hadi Bamburi nyumba ya chini. Bei ina mafuta, dereva, tanboi na ada zote za njiani. Haina kupakia wala kushusha. Nalipa 10,000 tukianza kupakia, 15,000 gari likiondoka, na 10,000 tukimaliza kushusha. Tafadhali jibu kama ni sawa."

Subiri ajibu "sawa". Mistari michache hii ingemwokolea dada shilingi 9,000.

Lipa kwa awamu

Tuwe wakweli, dereva naye anahitaji pesa ya mafuta kabla ya kutoka, kwa hivyo kumwambia utalipa zote mwisho si haki na wengi watakataa. Lakini kulipa zote mwanzo ni kubaki mikono mitupu. Awamu tatu kama zile za kwenye ujumbe zinawafaa nyote wawili. Cha muhimu ni kwamba karibu theluthi moja inabaki kwako hadi kitu cha mwisho kishuke.

Ni kweli kwamba kutuma mara tatu kuna ada tatu. Angalia ada zetu kabla ya kugawa pesa, kwa sababu hupangwa kwa viwango, na wakati mwingine kubadilisha kiasi kidogo tu kunakuweka kwenye kiwango cha chini. Hata hivyo, ada hizo ni ndogo ukilinganisha na kile zinachokukinga nacho. Kama mwenye gari ana nambari ya biashara, lipia huko badala ya kutoa pesa kwa wakala ili umpe mkononi. Unaepuka ada ya kutoa, na unabaki na rekodi.

Kabla ya kuweka nambari ya siri, soma jina la anayepokea. Je, ndilo la mtu mliyeongea naye? Dereva akikuambia utume kwa nambari ya "mwenzangu", kataa hadi mwenye gari mwenyewe athibitishe kwa simu. Na usifute jumbe za malipo hadi mambo yote yaishe. Ujumbe una jina, kiasi, tarehe na saa, na kukitokea mzozo huo ndio ushahidi wako.

Nyumba ambayo hujaiona

Kuhama mbali kuna hatari moja ambayo anayehama mtaa wa pili hana: unaweza kulipia nyumba ambayo hujawahi kuikanyaga. Walaghai wanajua hilo. Wanakutumia picha nzuri, bei iko chini kidogo ya kawaida, halafu unaambiwa kuna watu wengine wawili wanaingoja, tuma dipoziti sasa hivi.

Usitume. Tafuta mtu unayemjua huko, hata kama ni rafiki wa rafiki, aende aione nyumba, aongee na msimamizi wa ploti, na aulize majirani wapangaji hulipa kodi kwa nani na kwa nambari gani. Pesa iende kwenye nambari hiyo hiyo, na usikubali itumwe kwa nambari ya aliyekuonyesha picha. Kama huna mtu wa kumtuma, nauli ya kwenda kuangalia mwenyewe ni nafuu kuliko dipoziti iliyopotea. Wengine hukaa kwa jamaa wiki moja, wakapata nyumba, ndipo wakaita mzigo.

Anza kuweka sasa

Chukua jumla yako, uigawanye kwa wiki zilizobaki. Kwa 95,150 na wiki 20, ni kama 4,760 kwa wiki. Ni pesa nyingi, lakini inaweza kupangwa, na ukiona haiwezekani utajua mapema, uhamishe tarehe au upunguze mzigo. Weka pesa hizo kwenye akiba tofauti na salio la kila siku, maana pesa iliyo karibu na kidole haikai.

Dada sasa amezoea Bamburi. Rafiki yake alipohamia Mombasa miezi michache baadaye, dada ndiye aliyemwandikia ule ujumbe wa makubaliano. Gari lilipofika alikuwa bado na 10,000 zake kwenye simu, na dereva alisaidia kushusha friji bila kuombwa.

Je, unahama hivi karibuni na una swali kuhusu ada au kuhusu malipo yaliyokwenda kwa nambari isiyo sahihi? Ongea na huduma kwa wateja kupitia programu yetu. Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wetu atakayewahi kukuuliza nambari yako ya siri.