ORDINATERE IKIKATAA KUWAKA, TUANZE WAPI?



Wengi wameniuliza habari za ile ordinatere yetu, ambayo wenzetu waliorudi toka kambi ya Nyarugusu wanaiita kompyuta. Mnajua kwamba haikununuliwa nzima. Bwana mwalimu wa fizike na wakubwa wetu waliiunga wenyewe kwa vipande vilivyovuka ziwa toka Kigoma. Siku ilipokataa kuwaka, mimi kama mkuu wa wanafunzi niliandika jina la mdogo mmoja aliyeigusa mwisho, akafagia kiwanja siku tatu. Leo nataka kueleza namna tulivyotafuta ugonjwa wenyewe, na mahali tulipoukuta.

Mwalimu alituambia: anzeni nje, kisha ingieni ndani, polepole.

Kwanza ni prizi. Chomeka taa katika prizi ile ile. Ikiwaka, basi umeme unafika. Yetu iliwaka.

Pili ni waya. Jaribu waya mwingine ambao unajua ni mzima. Tulijaribu, bado kimya.

Tatu, tazama nyuma kwenye sanduku la umeme, lile mafundi wanaita alimantasio. Kazi yake ni kupokea volti 220 na kuzigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3, ndizo vipande vya ndani vinakula. Swichi yake iwe upande wa I, si upande wa O. Masanduku mengine yana pia alama za 115 na 230. Huku kwetu ni 230 daima. Ukiweka 115, litaungua palepale.

Nne, pima sanduku peke yake. Chomoa waya ukutani kwanza. Toa plagi zake zote ndani ya mashini, ubakize ventilatere moja tu. Katika plagi kubwa ya matundu 24, unga uzi wa kijani na uzi mweusi kwa kipande kifupi cha waya. Kama nyuzi zote ni nyeusi, usibahatishe, mwite mwalimu. Kisha rudisha umeme, usiguse kitu. Ventilatere ikizunguka, sanduku liko hai, lakini bado pima kwa mita: ile volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Ikiwa sawa, tafuta ugonjwa kwingine, ao kwenye kitufe cha kuwashia, ao kwenye ile karte kubwa inayobeba vipande vyote.

Yetu haikutikisika hata kidogo. Tukanusa, kumbe harufu ya kuungua. Sanduku limekufa.

Hapa nawasihi sana: msilifungue! Ndani mna kondensatere zinazoweza kutunza volti zaidi ya 300 hata kama waya umechomolewa. Zinaweza kuua mtu. Sanduku linabadilishwa, halichokonolewi.

Basi nani aliliua? Mwalimu alisema kubonyeza kitufe hakuunguzi sanduku. Akauliza: jioni ya mwisho, nani alikuwa zamu ya jenereta? Watu wakanyamaza. Ilikuwa mimi. Esanse ilikuwa inaisha, jenereta inahema, taa zinapanda na kushuka. Nami nilikimbilia kufunga bweni, nikaacha ordinatere imechomekwa. Umeme wa kupanda na kushuka namna ile ni sumu kwa sanduku. Mwalimu alisema hiyo ndiyo sababu inayoelekea zaidi.

Kwa hiyo tangu sasa, zamu ya jenereta ifuate hivi: ukiwasha, ngoja umeme utulie, ndipo uchomeke ordinatere kupitia stabilizatere. Ukitaka kuzima jenereta, zima ordinatere kwanza, chomoa waya, mwisho ndipo jenereta. Na usingoje esanse iishe yenyewe.

Yule mdogo nimekwenda kumwomba msamaha mbele ya darasa lake, maana nilimwadhibu mbele yao. Jina lake nimelifuta katika daftari, na ile siku tatu ya kiwanja nimeifagia mimi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na sisi tunaokaa Baraka tusingengoja kufundishwa hilo na mashini. Ningalipima kwanza, nisingalihukumu.

Mkuu wa wanafunzi, darasa la mwisho