Chanjo ya HPV na wanaume walioachwa nje (2)

Wiki iliyopita tuliona kwamba HPV si kirusi kimoja bali ukoo wenye aina zaidi ya 200, na zenye makali ni chache: ya 6 na ya 11 huleta masundosundo, vile vinyama vinavyoota sehemu za siri, na ya 16 na ya 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Takwimu hiyo ya mwisho huwafanya wengi wadhani haya ni maradhi ya wanawake tu. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kuwa, kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, aina ya 16 ilikutwa kwenye njia ya haja kubwa ya asilimia 12.5 ya wasio na VVU na asilimia 35.4 ya wenye VVU. Na ni aina hiyohiyo inayoongoza kwa kuleta saratani ya hapo.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Australia, iliyoanza kuwachanja wasichana mwaka 2007. Kufikia 2011, miongoni mwa wanawake wa chini ya miaka 21 waliofika kliniki za magonjwa ya zinaa, waliokutwa na masundosundo walishuka kutoka asilimia 11.5 hadi chini ya 1. Vijana wa kiume wa rika lao wanaolala na wanawake, ambao mpango huo haukuwagusa, nao walishuka kutoka 12.1 hadi 2.2. Wanaolala na wanaume wenzao hawakupata nafuu ya maana. Sababu iko wazi: kinga ya msichana humfikia mwanamume anayekutana naye kimwili, lakini haiwafikii wanaume wanaolala na wanaume wenzao tu.

Kwa nini basi wasichanjwe wao peke yao? England ilianza hivyo mwaka 2018, kwa walio na umri hadi miaka 45. Tatizo ni kwamba chanjo hukinga, haiponyi, na kijana hadi apate ujasiri wa kumweleza muuguzi siri yake, mara nyingi kirusi kimeshamtangulia. Australia ilianza mwaka 2013 kuwachanja wavulana wote shuleni bila kuuliza nani ni nani. Huko Melbourne, vijana wa miaka 16 hadi 20 wanaolala na wanaume wenzao waliokutwa na yoyote kati ya aina nne zilizolengwa na chanjo, kwenye njia ya haja kubwa, walipungua kutoka asilimia 28 hadi 7.

Pingamizi la fedha nalikubali, ingawa nusu tu. Tanzania ilianza na wasichana mwaka 2018, Kenya 2019, na pale dozi zinapokuwa haba msichana atangulie, maana saratani ya mlango wa kizazi inaua wanawake wengi mno kwetu. Lakini kutangulizwa kwake kusigeuke kumfungia mvulana mlango. Wasichana wakishafikiwa, dozi inayofuata ni ya kaka zao wa darasa lilelile.