Kinyesi cha Mbwa na Macho ya Watoto

Kinyesi cha mbwa kiachwapo uwanjani huko Chamazi, wilayani Temeke, mvua hukiyeyusha kikatoweka machoni. Lakini hatari yake hubaki udongoni. Mayai ya mnyoo uitwao Toxocara canis hayaambukizi siku yatokapo: huhitaji wiki mbili au zaidi kukomaa, kisha huweza kudumu miaka. Mtoto achezaye mchangani akiyameza, minyoo michanga husafiri mwilini mwake, na ikifika jichoni huweza kumpofusha.

Sheria ya mamlaka za miji ya 1982 huziwezesha halmashauri kutunga sheria ndogo. Kanuni ifaayo ni nyepesi: mwenye mbwa akizoe kinyesi siku ileile, akitupe katika choo cha shimo, na kumpa mbwa wake dawa ya minyoo. Akichelewa, atakuwa amezoa kinyesi na kuyaacha mayai.