Safuwima au jedwali?

Safuwima (i-/zi-) ni fungu la matini lililosimama wima katika ukurasa; kinyume chake ni safumlalo. Katika programu ya kuandikia, matini hujaza safuwima ya kwanza hadi chini, kisha huendelea juu ya ile ya pili. Mpangilio huu hufaa magazeti, na hufaa kamusi ambayo kila kidahizo hufuatwa papo hapo na fasili yake.

Haufai orodha ya lugha mbili zinazokabiliana. Mfano ni Runyambo, lugha ya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ambayo msamiati wake kwa Kiswahili na Kiingereza ulitolewa na Josephat Rugemalira mwaka 2002. Tuseme kushoto pana enju, ente, omuntu. Kulia nyumba, ng’ombe, mtu. Fasili ya enju ikirefuka hadi mistari miwili, ng’ombe hushuka na kukabili omuntu. Mwanafunzi asiyeijua Runyambo hataligundua kosa hilo; atalikariri.

Orodha kama hiyo huhitaji jedwali, hata likifichwa mistari yake: neno na fasili hukaa katika safumlalo moja, na kimoja kikirefuka, vyote viwili hushuka pamoja.