Orkestra Isiyo ya Rumba: Muziki wa Klasiki Jijini Kinshasa

Neno «orkestra» masikioni mwa Mkongomani huamsha kwanza magitaa na rumba, kama vile OK Jazz iliyoundwa jijini humo mwaka 1956. Mgeni anayeulizia orkestra Kinshasa bila kufafanua, huelekezwa kwenye ukumbi wa dansi. Mwenye hamu ya Beethoven hana budi kuongeza neno moja: simfonia.

Huko Milano au Vienna, mpenzi wa opera huulizia jengo: La Scala, Staatsoper. Kinshasa haikurithi jengo la namna hiyo. Hapa huulizwa watu. Watu wenyewe ni Orkestra ya Simfonia ya Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege. Yeye ni mjukuu wa Simon Kimbangu, aliyekamatwa na wakoloni mwaka 1921 akafia gerezani Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1951.

Orkestra hiyo haikuzuka jangwani. Kanisa la Kimbangu lilikuwa tayari na kwaya, matarumbeta na wapiga filimbi, hivyo kuimba kwa sauti nne hakukuwa jambo geni. Kilichokosekana ni vyombo. Fidla moja ilipokezanwa na wanafunzi kadhaa. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulishika nafasi yake. Wapigaji wengi walikuwa na shughuli nyingine mchana, wakaja mazoezini jioni. Filamu ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, yaonyesha jinsi walivyoiandaa Simfonia ya Tisa ya Beethoven.

Mwaka 2024 jiji lilipata kituo kikubwa cha utamaduni, chenye ukumbi wa viti 2000. Ni faida kubwa, kwani opera hudai jukwaa pana, mavazi na mwangwi mzuri. Hata hivyo, viti havipigi fidla: bila mafunzo na mazoezi, ukumbi hubaki jengo tu.

Wako wasemao kwamba muziki huu ni wa kigeni. Lakini gitaa nalo lilitoka ng'ambo, na mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu. Chombo hakiulizwi kilikozaliwa, bali kinavyotumiwa. Diangienda mwenyewe ametunga simfonia. Huenda fidla nayo imeshika njia ya gitaa.